Barafu Haikuguswa na Mafuta

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mama Barafu alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda chake asubuhi, mikono kiunoni, akisubiri wateja wa kwanza, na alipoinusa tu akajua wa kulaumiwa.

"Fundi! Umemwaga dizeli tena? Mara ngapi nikwambie uweke beseni chini?"

Mumewe, ambaye hata yeye alimwita Fundi kama mji mzima ulivyomwita, alitoka nyuma ya kompresa akifuta mikono kwa tambara. Akanusa. Akatoka nje, akanusa tena, uso kauelekeza baharini.

"Hii si yangu, mke wangu," alisema. "Leo umenionea. Hii inatoka huko."

Kabla jua halijawa kali, soko zima la samaki lilikuwa limeshapata habari. Kisima cha mafuta cha kampuni, kule mbali baharini, kilikuwa kimepasuka, na mafuta yalikuwa yakibubujika kutoka chini kama damu ya pua. Watu walijipanga kwenye ukuta wa gati wakitazama maji ambayo bado yalikuwa ya buluu, wakaambiana huenda upepo utayapeleka kwingine. Binadamu ndivyo tulivyo: tukiiona balaa inakuja, dua yetu ya kwanza ni igeuze njia iende kwa jirani. Haikugeuza. Mafuta yalifika mazito, meusi, yanayonata, yakajipaka kwenye mawe, kwenye kamba, kwenye miguu ya watoto. Serikali ikapiga marufuku uvuvi. Boti zikapandishwa nchi kavu, zikapangwa kama viatu vya wageni mlangoni.

Sasa, ukisema mafuta yamemwagika baharini, kila mtu humfikiria mvuvi. Hakuna anayemfikiria muuza barafu. Lakini samaki bila barafu ni uvundo tu, na barafu bila samaki ni maji yaliyopotezewa wakati. Kiwanda cha Mama Barafu kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu isiyokauka, tangi la maji ya chumvi, safu za makopo ya bati ya kugandishia, na kompresa kuukuu ambayo yeye na mumewe waliinunua kutoka bucha lililofilisika. Fundi aliijua kompresa ile kama mtu anavyomjua mkwe mkorofi: ilitaka kubembelezwa, na ukiigusa vibaya inanuna siku nzima. Karibu kila boti la pale lilipita kwake kuchukua barafu kabla ya kuingia baharini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvua hata dagaa mmoja, ila maisha yake yote yalikuwa yamening'inia kwenye ndoana ya mtu mwingine.

Wiki za kwanza hakukubali mashine izimwe. Aliona kuizima ni kusalimu amri. Barafu ikagandishwa, ikakosa mnunuzi, ikayeyuka, na maji yakatiririka mpaka barabarani. Mteja pekee aliyebaki alikuwa mlinzi wa chumba cha maiti cha hospitali, ambako friji lilikuwa bovu.

"Ona mambo," Mama Barafu alimwambia mumewe walipokuwa wakipakia. "Nimebaki kuwauzia marehemu. Lakini wateja wazuri, ujue. Hawakopi, na hawalalamiki bonge limekuwa dogo."

Fundi alicheka mpaka akakohoa, kisha wakaendelea kupakia. Mwezi haukuisha, friji la hospitali likatengenezwa, na mashine ikazimwa.

Kampuni nayo haikulala. Ilileta vijana wenye fulana nyeupe na lori la mchele. Kila kaya gunia moja; na mezani, kabla hujabeba gunia lako, karatasi ya kutia dole gumba. Zamu ya Mama Barafu ilipofika aliichukua ile karatasi, akaisoma yote, watu nyuma yake wakisonya. Akageuka.

"Jamani, mmesoma hii? Imeandikwa ukipokea gunia huna tena madai yoyote kwa kampuni, leo wala kesho. Mchele huu utaliwa wiki mbili. Bahari mnaiuza milele!"

Wengine walitoka kwenye foleni. Wengine walibaki, wakatia dole, wakabeba, macho chini. Njaa haina masikio. Aliyemuunga mkono kwa sauti kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye watu walimpachika jina la Tarumbeta tangu utotoni, na sababu huhitaji kuuliza. Alipanda juu ya ngazi ya lori lenyewe la kampuni akahutubia: haki haigawiwi kwa kibaba, hatutanunuliwa kwa wali! Watu wakapiga makofi. Mama Barafu naye alipiga, moyo ukimjaa. Mama yao alifariki Tarumbeta akiwa bado anatambaa, na dada yake, binti mdogo tu wakati huo, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule na kumfuata alikotoroka. Kumwona amesimama juu ya watu wazima wakimsikiliza ilikuwa kama kuona mti ulioupanda mwenyewe ukitoa kivuli.

Ukweli ni kwamba Tarumbeta hakuwa mvuvi tena. Aliwahi kuwa na boti, lakini lilipasuka ubavu muda mrefu kabla ya mafuta, likalazwa nyuma ya soko, na kuku wa watu wakalifanya mahali pa kutagia. Tangu hapo aliishi kwa udalali na kwa ulimi wake.

Wakili alikuja baadaye, binti mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye. Aliwakusanya kwenye ukumbi wa mnada, ambao sasa ulikuwa mtupu na, kwa mara ya kwanza tangu ujengwe, haukunuka samaki. Akawaeleza kwamba kampuni inaweza kushtakiwa, na kwamba wakienda mmoja mmoja watamezwa kama vidonge. Waende wote, kesi moja: wenye boti pamoja na watu wa nchi kavu, yaani wanawake wa kukausha samaki, wapakuzi, wasuka nyavu na muuza barafu.

"Na sisi wa nchi kavu tutasikilizwa, mwanangu?" Mama Barafu aliuliza. "Maana mafuta yamemwagika kwenye maji."

"Sitakudanganya, mama," wakili alijibu. "Njia yenu ni nyembamba kuliko ya wenye boti. Lakini mkishikana nao mkono, kampuni haitaweza kuwalipa wale bila kuwatazama na ninyi."

Wakashikana mikono. Tarumbeta alichaguliwa mwenyekiti. Mikutano ikahamia kiwandani kwa Mama Barafu, kwa sababu palikuwa na nafasi na hapakuwa na kazi. Nauli za mashahidi zilipokosekana, Mama Barafu aliuza mashine ya kusagia barafu. Fundi alinung'unika. Akaambiwa, "Mashine tutanunua nyingine tukilipwa. Sasa hivi hakuna cha kusaga isipokuwa meno."

Kesi ilikwenda kwa mwendo wa kesi. Mara jaji anaumwa, mara jalada halionekani, mara wakili wa kampuni yuko safarini. Watoto walioingia shule mwaka wa mafuta walijua kusoma na kuandika kabla Mama Barafu hajapanda kizimbani.

Siku hiyo alivaa gauni lake la harusi za watu. Wakili wao alianza naye taratibu: kiwanda kilianza lini, mashine ni ya nani. Kisha akamwomba ataje boti zilizochukua barafu kwake msimu ule wa mwisho. Mama Barafu akazitaja moja baada ya nyingine, bila kukwama, kama mtu anayeita wanawe waje kula. Karani akaandika zote. Boti la Tarumbeta hakulitaja kwa kuwa halikuwemo, na hakuna aliyeshtuka, hata Tarumbeta mwenyewe, aliyekuwa benchi la nyuma akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo akasimama wakili wa kampuni. Mtu mzima, mpole, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kuuliza na kuivaa kila alipopata jibu.

"Pole na matatizo, mama. Nina maswali machache tu. Mafuta yaliingia kwenye barafu yako?"

"Hapana."

"Yaliingia kwenye tangi? Kwenye mashine?"

"Hapana, lakini..."

"Kuna mtu yeyote aliyekukataza kutengeneza barafu?"

"Hakuna. Ila ningemuuzia nani?"

"Kwa hiyo uliweza kutengeneza, ukaamua kuacha."

"Sikuamua! Na wewe wakiondoka watu wote wenye kesi duniani, utasimama hapa kumtetea nani?"

Alidhani amempata. Baadhi ya watu kwenye mabenchi walicheka. Lakini jaji aliinua kichwa akamwambia, "Shahidi, jibu unachoulizwa," na wakili wa kampuni akavaa miwani yake, akasema hana swali zaidi. Kesho yake gazeti liliandika mstari mmoja: muuza barafu akiri barafu yake haikuguswa na mafuta.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, wifi yake, mke wa Tarumbeta, alikuja kiwandani amejifunika mtandio mpaka puani kana kwamba anakwenda kuiba.

"Wifi, usiseme umesikia kwangu," alianza. "Jana wamekutana. Shuleni, darasa la mwisho. Wenye boti tu. Kampuni imekubali kulipa boti na nyavu nje ya mahakama. Ila sharti, watu wa nchi kavu watolewe kwenye kesi. Wamepiga kura."

"Nani kahesabu kura?"

Wifi yake alitazama sakafu. "Mwenyekiti."

Mama Barafu alimkuta Tarumbeta kwa kinyozi, kaegemezwa kitini, povu limejaa kidevuni.

"Mwenyekiti," alimwita. Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Tarumbeta alitaka kuinuka, kinyozi akamkandamiza bega. "Dada! Karibu. Nilikuwa nipite kwako leo leo."

"Mkutano wa jana ulikuwa wapi? Maana mimi nilifagia kiwanda, nikapanga viti."

"Dada, tungefanyaje? Watu wamechoka. Nusu shari kuliko shari kamili. Kampuni imesema ninyi mkibaki ndani, haitamlipa hata mmoja. Ingekuwa wewe..."

"Ingekuwa mimi? Mimi kampuni iliniwekea gunia la mchele mezani, nikakataa. Wewe ulikuwa juu ya lori ukipiga kelele." Akamsogelea. "Halafu nieleze, wewe umepigia kura boti lipi?"

"Nina boti, dada."

"Una banda la kuku."

Kinyozi aliangua kicheko, kisha akakumbuka ana wembe kwenye koo la mteja, akanyamaza. Mama Barafu alitoka, na njia nzima hadi kiwandani alikuwa akitembea kama mtu anayefukuzwa.

Alimpigia wakili simu. Wakili alikuwa ameshapata habari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia au mwenye mafua. Alisema wenye boti wana haki ya kupatana na kampuni, hawezi kuwazuia. Lakini kesi ya nchi kavu haijafa. Itaendelea peke yake, na jina la mbele litakuwa la Mama Barafu, kwa kuwa ushahidi wake ndio ulio imara. Wakaushaji, wapakuzi na wasuka nyavu watakuwa nyuma yake.

"Ukishinda wewe, mama, wameshinda wote," alisema. Hakumalizia upande wa pili, na Mama Barafu hakumuuliza.

Haukupita muda, Tarumbeta akaja nyumbani. Saa za mchana, Fundi yuko mezani anakula. Hakupiga hodi kwa kelele kama kawaida yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakunjakunja kofia.

"Kampuni inamtuma mkaguzi," alisema. "Anahakiki boti. Atapita kwako, dada, kwa sababu kila boti lilichukua barafu kwako. Atakuuliza juu yangu."

"Nitamjibu."

"Wamesema dai moja likionekana la uongo, wanasimamisha malipo yote. Ya kila mtu."

"Basi jiondoe kabla hajafika."

"Nimeshasaini! Nikijiondoa si ndiyo nimekiri? Na nimeshakopa, dada, kwa kutegemea..." Akaiacha sentensi ikianguka. Kisha akainua macho. "Ukisema hapana hunimalizi mimi tu. Mzee wa boti la kijani macho yanapofuka, anangoja hela hiyo apasuliwe. Yule mjane aliyeachiwa boti na mumewe, watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada mara ngapi? Ni wewe uliyewaambia wasichukue mchele. Walikusikiliza wewe."

Alijua pa kumshika. Aliyekulia mgongoni mwako anajua mgongo unauma wapi.

Alipoondoka, Fundi alisukuma sahani. "Mchelea mwana kulia, mke wangu, hulia mwenyewe. Sema kweli. Au funga mlango, useme unaumwa."

"Nikifunga mlango nimeshajibu."

"Basi jibu lililo kweli."

"Na yule mzee nitamwambia nini? Kwamba nimelinda ukweli, yeye akae gizani?"

Fundi aliinuka akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa na hasira au huruma, na miaka yote ya ndoa Mama Barafu hakuwahi kujua kutofautisha.

Mkaguzi alikuwa kijana mstaarabu, mwenye chafya. Vumbi la kiwanda kisichofanya kazi lilimsumbua. Aliketi juu ya kopo la bati lililogeuzwa, akasoma majina ya boti, na kwa kila jina Mama Barafu aliitikia kwa kichwa: ndiyo, nalijua; ndiyo, lilichukua. Alikuwa akisema kweli tupu, tena kwa raha, na ule ukweli ukawa kama mteremko. Alipofikia boti la Tarumbeta, mguu ulikuwa umeshaserereka.

"Na hili?"

"Lilichukua."

"Msimu ule ule?"

"Msimu ule ule."

Kijana akaandika, akapiga chafya, akaomba radhi, akampa kalamu. Mama Barafu akatia saini.

Wenye boti walilipwa. Mzee wa boti la kijani alipasuliwa jicho moja, akaja mpaka kiwandani kumtazama Mama Barafu kwa jicho hilo, akalia. Mjane aliwanunulia wanawe viatu. Wengine walipokutana na Mama Barafu walivuka barabara, si kwa ubaya, ila fadhila ikizidi huwa deni, na mdaiwa hapendi kuonana na mdai. Tarumbeta alikuja na bahasha. Mama Barafu aliitazama tu.

"Rudi nayo. Mimi si mtoto wa kugawiwa mkia na wenye samaki."

Kesi ya nchi kavu ikaitwa. Wanawake wa kukausha samaki walijaza mabenchi mawili, wamevaa vizuri, wananukia sabuni. Aliyekaa mbele alikuwa rafiki yake wa tangu usichana, Mama Moshi, aliyekausha samaki mpaka kope zake hazikuota tena. Alimkonyeza: tuko pamoja. Wakili wao alikuwa na uso wa matumaini. Aliamini kwamba safari hii jaji atalazimika kulijibu lile swali: mtu akiua bahari, je, amewadhuru wavuvi tu, au wote waliokula kupitia bahari?

Wakili wa kampuni aliomba shahidi wa kwanza aitwe tena. Ana jambo dogo.

"Habari za siku nyingi, mama." Akavua miwani. "Hii saini ni yako?"

Mama Barafu aliiona karatasi, na ubaridi ukampanda kuanzia nyayo. Mtu aliyeshika barafu maisha yake yote, lakini ubaridi wa namna hii hakuujua.

"Ni yangu."

"Unasema hapa kwamba boti la mdogo wako lilichukua barafu kwako msimu ule. Sasa, ulipokuwa hapa kizimbani mara ya kwanza, uliombwa utaje boti zote. Naomba nisome kumbukumbu za mahakama." Akasoma. Akayasoma majina yote polepole, kwa sauti yake ya upole, na kila jina Mama Barafu alilikumbuka alivyolitamka siku ile kwa fahari. "Silioni boti la mdogo wako. Ulisahau?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi pale. Angesema amesahau. Lakini nani angeamini, baada ya kuzitaja zile zote bila kukwama? Na wakili angeuliza tena, kisha tena, mpaka alifikie boti lenyewe na kuku wake.

"Sikusahau," alisema.

"Kama hukusahau, basi moja kati ya kauli hizi mbili ni ya uongo. Ipi, mama? Ya hapa mahakamani, chini ya kiapo? Au hii?"

Alitazama benchi la nyuma. Tarumbeta alikuwepo, amevaa shati jipya, uso wake umekuwa wa kijivu. Kando yake alikaa mzee wa boti la kijani, na jicho lake moja. Akisema karatasi ndiyo ya uongo, Tarumbeta atatoka pale na pingu, na kampuni itadai irudishiwe kila kilicholipwa. Hela ya jicho utairudishaje? Kwenye mabenchi ya mbele Mama Moshi alikuwa bado amemkazia macho, tabasamu halijamtoka, maana hakuwa ameelewa bado.

"Jibu, shahidi," jaji alisema.

"Ya kwanza," alisema Mama Barafu. "Nilidanganya ile ya kwanza."

Wakili wao aliiacha kalamu ikaviringika mpaka ikaanguka chini. Wakili wa kampuni akavaa miwani.

Hukumu ilikuwa fupi. Shahidi mkuu amekiri kwa kinywa chake kwamba aliidanganya mahakama juu ya wateja wake. Kwa hiyo hasara anayodai haiwezi kuthibitika. Kwa hiyo madai yake, na ya wote waliosimama nyuma yake, yanatupwa kwa gharama. Kuhusu kama watu wa nchi kavu wana haki ya kulipwa mafuta yakimwagika baharini, mahakama haikuona haja ya kuliamua swali hilo kwa sasa. Jaji alimaliza, akafunga jalada, watu wakainuka, na feni iliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyao.

Kwenye ngazi za nje wakili alimshika mkono. "Kwa nini hukuniambia, mama? Hata siku moja kabla?"

"Ungenifanyaje?"

"Ningekuzuia."

"Ndiyo maana."

Binti yule alibaki amesimama na begi lake. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Mama Moshi alikuwa nayo ya kutosha. Alishuka ngazi hadi pale, akasimama mbele ya rafiki yake, karibu kabisa.

"Mimi nalijua lile boti," alisema. "Nimeokota mayai mle. Umesema kweli ukiwa umeapa, halafu ukaiita uongo. Umemwokoa ndugu yako. Sawa, damu nzito kuliko maji. Na sisi ni nini, Mama Barafu? Sisi ndiyo maji?"

Mama Barafu alifungua mdomo. Alitaka kumweleza habari ya jicho, ya viatu vya watoto wa mjane, ya mgongo. Lakini hata yeye aliyaona maneno yale yamepangwa kama ya mtu aliye kizimbani. Akaufunga. Mama Moshi akaenda zake na wenzake, na kuanzia siku hiyo akipita kiwandani hupita upande wa pili wa barabara, naye si mdaiwa.

Gharama za kesi zilitaka kulipwa, na hapakuwa na cha kulipia isipokuwa kiwanda. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja, akagongagonga kompresa kwa ufunguo wa gari lake, akasema hii si mashine tena, hii ni uzito. Fundi hakubishana. Alitumia siku nzima kuifungua mwenyewe, hakutaka mwingine aiguse. Kila nati aliipaka mafuta kabla ya kuilegeza, kana kwamba itafungwa tena kesho.

Siku ya kuitoa, kompresa ilikataa kutoka. Mlango ulikuwa mwembamba, vijana wa mnunuzi walikuwa wawili, na Fundi kifua chake hakikuwa kizima. Wakaisukuma mpaka kizingitini ikakwama. Hapo ndipo Tarumbeta alipotokea. Hakuna aliyemwita. Alivua lile shati jipya, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akaingia upande wa chini wenye uzito, akaipakata mashine kwa mikono miwili. Mama Barafu, aliyekuwa amekaa tu muda wote, aliinuka akaenda kushika upande wa pili. Wakainua. Nyuso zao zilikuwa karibu sana, jasho likiwachuruzika, na kati yao kulikuwa na kile chuma tu.

"Dada," alisema Tarumbeta, pumzi zikimkata. "Dada, nisamehe."

Mama Barafu alihamisha mguu, akatafuta pa kukanyaga kwenye sakafu iliyokuwa imekauka.

"Shika vizuri huko kwako," alisema. "Usije ukaniangushia mguuni."